Anzeni na turubai: namna ya kuunda chama cha kufa na kuzikana kisichovunjika

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabata, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa 11 nikiwa mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Cherehani inanilisha, chama hakinilipi hata senti. Daftari langu lina misiba 34. Katika yote hiyo, hakuna familia iliyouza kiwanja wala kwenda kwa mkopeshaji wa riba ili izike. Akina mama wa mitaa ya jirani huja kuniuliza tunafanyaje, nami huwajibu nusunusu huku mguu uko kwenye pedali. Leo naandika yote kwa mpigo.

Neno la kwanza huwa linawashangaza: anzeni na turubai. Habari ya fedha itafuata.

Tulipoanza tulikuwa wanawake watano, tumetoka kwenye msiba wa jirani, miguu bado ina vumbi. Tukakaa kwenye mkeka tukaandika kila kilichonunuliwa siku zile nne. Nilidhani jeneza ndilo litaongoza. Wapi! La kwanza lilikuwa gari la kupeleka mwili mkoani. La pili chakula. La tatu vitu vya kukodi: turubai, viti, masufuria, taa, matanki ya maji, kila siku bei yake, na mwenye navyo anajua kwamba mfiwa hana muda wa kubishana. Jeneza lilikuja la nne, na nyuma yake kidogo tu zikaja fulana zenye picha ya marehemu, ambazo wiki iliyofuata niliziona watu wanafutia pikipiki.

Sasa angalia. Gari unalikodi, hakuna namna. Chakula kinaliwa kinaisha. Lakini turubai unalolikodi leo utalikodi tena mwezi ujao, na mwaka kesho, na bado si lako. Kwa hiyo michango yetu ya mwaka wa kwanza haikwenda kwa mtu. Ilinunua maturubai mawili, viti vya plastiki 100, masufuria matatu makubwa ya kupikia pilau, majamvi, madumu ya maji, taa za kuchaji, sururu mbili na mabeleshi manne. Mwanachama akifiwa, vinatoka bure. Asiye mwanachama anakodi kwa bei nafuu, ya msiba au ya harusi, na hela inarudi kwenye mfuko. Faida nyingine hatukuitegemea: mtu anayesitasita kujiunga, akiona turubai limesimama kwa jirani saa moja tu baada ya kilio, kesho yake anakuja na fomu.

Idadi ya watu, na kwa nini "mama mkubwa ni mama" iliua chama cha kwanza

Sisi ni kaya 42. Mkiwa chini ya 25, kila msiba unaumiza mfuko wa kila mtu. Mkipita 60 hamjuani tena, na mtu asiyekujua hakeshi kwako. Anatuma elfu tano kwenye simu anaendelea na shughuli zake. Hiyo ni rai yangu. Wengine wana mia na wanaendelea.

Kinachoua vyama ni orodha ya wanaozikwa. Kabla ya hiki kulikuwa na chama kingine, nami nilikuwa mwanachama wa kawaida tu. Katiba yake ilisema "mwanachama atasaidiwa akifiwa na mzazi". Basi. Kwa mila zetu baba mdogo ni baba, na mama mkubwa ni mama, tena ole wako umwambie mtu siye. Mwaka mmoja mwanaume mmoja alifiwa na baba mara tatu. Hakusema uongo hata mara moja. Lakini waliokuwa wanachanga miaka minne bila kufiwa walianza kunung'unika, kisha wakaanza kuchelewesha, na chama kikafa kimyakimya bila hata kikao cha kukivunja.

Hesabu hii ifanyeni kabla hamjapanga kiwango: kila kaya ina mume na mke, kila mmoja ana wazazi wawili, hao ni wanne. Mara 42, ni wazee 168. Hapo hujagusa wakwe wa kambo, shangazi aliyekulea, bibi aliyekusomesha.

Sisi tuliamua hivi. Siku ya kujiunga unaandika majina kwa mkono wako: mwenza, watoto, na nafasi nne za wazazi. Kama baba yako alishatangulia, nafasi yake unaweza kumpa baba mdogo aliyekulea. Utajaza mwenyewe, hatukuulizi. Lakini zikijaa nne zimejaa. Kila Januari tunasoma majina upya, kwa sababu watu wanazaa na watu wanaoa. Mwanachama, mwenza na mtoto ni kiwango kamili, kwetu shilingi 800,000. Mzazi ni nusu, 400,000. Nje ya orodha hakuna fedha ya mfuko, ila turubai, viti na mikono yetu vinakuja hata kama aliyefariki ni mpangaji wako.

Mchango ni 5,000 kwa mwezi kwa kaya, Jumapili ya kwanza. Kwa kaya 42 hiyo ni 210,000 kwa mwezi, yaani 2,520,000 kwa mwaka. Sisi hupata misiba kama mitatu kwa mwaka. Ukiwa mmoja wa kiwango kamili na miwili ya nusu, zinatoka 1,600,000. Zinabaki 920,000 za kushona turubai lililochanika na kuweka akiba, maana kuna mwaka tulizika sita. Msichange hadi mfuko ukauke ndipo muitishe mchango wa dharura. Watu hutoa mara mbili, mara ya tatu simu zao hazipatikani.

Juu ya hapo, msiba ukitokea kila kaya inaleta kilo mbili za mchele au maharage, au mkaa wa thamani hiyo. Hili nimelitoa kwetu Kagera. Kule vijijini vyama vya kuzikana ni vya siku nyingi, na wanawake hawaji mikono mitupu: huyu ndizi, huyu maharage, huyu kuni, huyu ndoo ya maji kichwani, na kuna mtu ameshika daftari la mahudhurio. Usipofika unalipa faini. Kilo mbili mbili za kaya 42 ni kilo 84, na suala la chakula cha matanga limekwisha.

Karatasi

Katiba yetu ni kurasa mbili. Imeandikwa nani anazikwa, kiasi gani, mchango lini, faini gani, viongozi wanakaa miaka mingapi, na mali inakwenda wapi chama kikivunjika. Mgeni anasubiri miezi mitatu kabla ya kuhudumiwa, vinginevyo watu watajiunga wakiwa na mgonjwa mahututi ndani. Na sentensi moja niliyoipigania mimi: *hatuulizi sababu ya kifo.* Nilishaona chama kikimkatalia mama kwa sababu kijana wake alijitoa uhai. Mama yule alichanga miaka sita.

Mkishakuwa na katiba na muhtasari wa kikao chenye majina na sahihi, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mpate barua, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye atawaongoza kusajili kikundi halmashauri. Chama kikubwa kinachotaka kuenea mikoani kina njia nyingine, ya Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ninyi wa mtaa mmoja hamna haja nayo.

Watu watawaambia, "Hela imelala benki, tukopeshane ipate riba." Kataeni. Kwanza mkianza kukopeshana mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo ina usajili na masharti yake. Pili, na hili ndilo kubwa, kifo kitakuja siku ambayo hela iko kwenye mtaji wa mtu wa vitumbua. Kama mnataka kukopeshana undeni VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, daftari lake, sanduku lake, hata kama watu ni walewale. Mimi niko kwenye vyote viwili na sijawahi kuhamisha shilingi kutoka huku kwenda kule.

Akaunti ina watia sahihi watatu, lazima wawili wawepo. Vikundi vingine hutumia M-Koba ya kwenye simu, na nzuri yake ni kwamba kila mwanachama anaona hela ikiingia na ikitoka. Lakini kifo cha Ijumaa usiku hakisubiri benki ya Jumatatu. Kwa hiyo nina 200,000 taslimu nyumbani, kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila kikao nalileta tunalihesabu mbele ya wote. Mume wangu hajui lilipo. Ni mtu mwema, sina tatizo naye, ila ni utaratibu.

Saa ya kwanza

Simu ikilia usiku, wa kwanza kujua anampigia katibu, si kundi zima la WhatsApp. Katibu anatuma watu wawili kwa wafiwa na wawili kwenye stoo ya turubai. Mimi natoka na kopo.

Kama amefia hospitali, wanaokwenda mochwari wabebe kitambulisho cha marehemu na cha ndugu. Hospitali itatoa hati ya kifo ya kwao na kibali cha mazishi. Kama amefia nyumbani, anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30; baadaye cheti kinapatikana kupitia RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na wilayani ofisi hiyo iko kwa mkuu wa wilaya. Mnaona ni usumbufu wakati watu wanalia, lakini bila cheti mjane hatapata hata salio la benki. Mwili ukisafiri nje ya mkoa, ulizeni palepale kibali cha kusafirisha. Deni la matibabu likiwa zito, msianze kupita na bahasha mtaani kabla hamjaonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya mambo hayo, na watu wengi wanapita mlangoni pake bila kujua.

Sheria yetu ngumu kuliko zote: *aliyefiwa haendi kununua.* Baba yangu alipofariki, tulimtuma kaka yangu kununua jeneza, macho yamevimba, sauti hana. Alikwenda duka la kwanza aliloliona ng'ambo ya barabara ya hospitali. Muuzaji akamwonyesha la mninga lenye vishikio vya dhahabu ya bandia, akamwambia, "Kaka, baba ni mmoja." Kaka akalipa. Mwezi uliofuata nilipita na kuuliza bei ya jeneza lilelile nikiwa nimevaa vizuri na sina haraka. Ilikuwa karibu nusu.

Sasa tunatuma wawili: mmoja anayejua mbao, mmoja asiyelia. Na mara nyingi hawaendi mbali, kwa sababu kila Januari tunakubaliana bei na fundi seremala wa mtaani, mbao za kawaida, zimepigwa randa na kupakwa vanishi, na tunamwachia mbao za jeneza moja stoo. Akipigiwa saa nne usiku, alfajiri limekwisha. Wakitokea ndugu wa kusema jeneza lile ni la aibu, huwa nawakumbusha Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Alipofariki Nairobi, Septemba 2011, aliwekwa kwenye jeneza la mianzi, magugu maji na mafunjo, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Hakuna aliyesema aliagwa vibaya.

Chama chetu kina Waislamu na Wakristo, karibu nusu kwa nusu. Kwa Waislamu mambo ni mepesi zaidi: jeneza la msikiti linabeba na kurudi, mazishi ni siku hiyohiyo ikiwezekana. Mimi kama fundi nguo niliwashauri tununue bafta ya sanda jora zima Kariakoo badala ya kununua kwa mita siku ya msiba, na tuweke pamoja na pamba, udi, na karafuu maiti. Mwanaume nguo tatu, mwanamke tano. Mama mmoja wa mtaani ndiye anayekata, mimi namshikia jora tu. Kulikuwa na mzozo mwaka wa pili: kama Mwislamu hanunui jeneza, apewe hela kidogo? Tulibishana vikao viwili. Tukaamua kiwango ni kilekile, kinachobaki ni cha mfiwa. Kwa mjane kinamfaa sana, maana ana eda ya miezi minne na siku kumi na watoto wanakula.

Chama kinamlipa fundi, mchimba kaburi na dereva moja kwa moja, na risiti inabaki kwangu. Kilichobaki namkabidhi mfiwa mwenyewe mkononi, mashahidi wawili, anasaini. Simkabidhi mjomba aliyefika jana akajiteua mwenyekiti wa kamati.

Safari ya nyumbani

Hapa ndipo hela inapotea, na hapa sina jibu zuri kwa kila mtu. Mhaya anataka kuzikwa kwenye kibanja chake, Mchagga kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani kwao. Kutoka hapa mpaka Bukoba ni kama kilomita 1,400. Baba tulimpeleka Muleba, Kagera, na gari pekee lilikula kuliko vitu vingine vyote tukivijumlisha.

Chama kinatoa kiwango kilekile, uzikwe Kinondoni au uzikwe Kagera. Tofauti ni ya familia. Kwa hiyo kila Januari, tukisoma majina, tunamuuliza kila mtu hadharani: wewe utazikwa wapi? Mara ya kwanza walicheka, mmoja alitoka nje. Sasa wanajibu kama wanaulizwa namba ya simu. Wazee watatu wameshaandika "hapahapa Dar", na watoto wao wakashusha pumzi.

Kama ni lazima kwenda, tumeni mwili na watu wachache, sita au saba, wale ambao bila wao kaburi halifunikwi. Msikodi Coaster ya waombolezaji. Na hakikisheni wazazi wenu bado ni wanachama wa chama cha kijijini. Mimi humtumia mama mchango wake wa kule kila mwezi, ni hela ndogo, lakini siku ikifika kaburi litachimbwa na chakula kitakuwepo kabla gari halijavuka Biharamulo.

Hela ambazo ni zenu tayari

Mtu akiwa mwanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, ulizeni kama kuna msaada wa mazishi. Akiwa amekufa kwa ajali ya kazini au ugonjwa uliotokana na kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. SACCOS nyingi zina mfuko wa rambirambi, na jumuiya za kanisani pia. Ukichukua bima ya mazishi, soma ukurasa wa mwisho: inalipa baada ya siku ngapi? Bima inayolipa baada ya wiki tatu si ya kuzika, ni ya kulipa deni la kuzika. Sikukatazi, ila usiifananishe na turubai.

Mdogo wangu yuko Seattle, Marekani. Huko nilidhani kila kitu ni kampuni, kumbe nako wana cha kwao: shirika la wanachama linaitwa People's Memorial Association, lilianza 1939, na mwaka 2007 likafungua nyumba yake ya mazishi ya ushirika. Tena tangu 1984 serikali yao ina kanuni kwamba mwenye nyumba ya mazishi lazima akupe orodha ya bei, kitu kimoja kimoja, na hata akutajie bei kwa simu, na hawezi kukataa jeneza ulilonunua kwingine. Tulipiga simu naye usiku mzima nikiandika. Kesho yake nilikwenda kwa wenye magari ya maiti nikadai bei iandikwe hivyohivyo: mafuta peke yake, dereva peke yake, siku ya kusubiri peke yake. Wawili walinifukuza. Wa tatu aliandika, na ndiye tunayemtumia mpaka leo.

Siku ya kuanua matanga

Siku ya tatu, wageni wakishaondoka, tunakunja. Mweka hazina anasoma mbele ya wafiwa: imetoka hiki, imebaki hiki, rambirambi zimeingia kiasi hiki. Zinasomwa kwa sauti, kila jina. Turubai linakaushwa juani kabla ya kukunjwa, la sivyo linaota ukungu na panya wanalipenda. Masufuria yanasuguliwa kwa mchanga na majivu, na aliyeyatumia mwisho ndiye anayeyarudisha.

Kisha viti vinahesabiwa. Vimetoka 100, vinarudi 97. Daima 97. Kijana mmoja anatumwa kuzunguka nyumba za jirani, na kabla ya magharibi viwili vinaonekana kwenye baraza la mtu, mtoto amekalia kimoja anafanya kazi za shule. Tunamwacha amalize ukurasa. Kile cha tatu naandika kwenye daftari, na Jumapili ya kwanza naanzia hapo.